Mwandishi, Mganga na Jabali: santuri tatu za Herbie Hancock zilizochelewa kusikika

Swali: Shikamoo mwalimu. Marehemu mjomba wangu alikuwa baharia, na aliniachia sanduku la santuri. Ndani nimekuta tatu za Herbie Hancock, yule mpiga kinanda wa jazi wa Marekani: Mwandishi, Crossings na Sextant. Albamu yake nyingine, Head Hunters, naijua tangu utotoni na naipenda sana, kwa hiyo hizi nilizikimbilia kwa hamu, hasa ile yenye jina la Kiswahili. Nimezisikiliza zote tatu, nikatoka na kichwa kinaniuma. Ajabu ni kwamba mashabiki wa siku hizi wanasema hizi ndizo kazi zake bora, na kwamba Head Hunters ilikuwa biashara tu. Je, wana haki, au wanapenda tu kusifia kilichowashinda wengine? Na yale majina ya Kiswahili yana maana, au ni pambo? (Msomaji, Tanga)

Jibu: Marahaba mwanangu, na pole kwa kufiwa. Mjomba wako alikuwa na sikio. Kuumwa kichwa kusikutie aibu, maana watu wengi walioziweka santuri hizi kwenye mashine zilipotoka waliumwa hivyo hivyo, na wengi zaidi hawakuzinunua kabisa. Nitakujibu kwa kirefu, kwa sababu nimeishi nazo zaidi ya miaka thelathini na msimamo wangu umegeuka mara mbili katika muda huo.

Nianze na majina. Umeyauliza mwisho, lakini ndiyo mlango.

Katika miaka ya sitini, huko California, kulikuwa na chama cha Wamarekani weusi kilichoitwa Us, kikiongozwa na Maulana Karenga, yule yule aliyeanzisha sikukuu ya Kwanzaa mwaka 1966. Chama hicho kilichagua Kiswahili kuwa lugha ya mafunzo yake. Wanachama wengi asili yao ilikuwa Afrika Magharibi, ambako Kiswahili hakisemwi, na walilijua hilo. Walichokitaka ni lugha ya Kiafrika isiyofungwa na kabila moja. Tena ilikuwa lugha ya Tanzania, nchi ambayo wanaharakati wengi weusi wa Marekani waliitazama wakati ule kwa matumaini makubwa. Mmoja wa vijana wa chama hicho alikuwa mpiga ngoma aliyepewa jina la Mtume, mtoto wa mpiga saksafoni Jimmy Heath. Mwishoni mwa 1969 Mtume aliingia studio na wanamuziki kadhaa, Hancock na mpiga besi Buster Williams wakiwemo, wakarekodi albamu iliyotoka chini ya jina la ami yake, Albert Heath. Iliitwa Kawaida. Tazama majina ya nyimbo zake: Baraka, Maulana, Dunia, Kamili. Kutoka kwa Mtume ndiko majina yalikoingia kwenye bendi ya Hancock.

Basi Hancock akawa Mwandishi. Buster Williams akawa Mchezaji. Billy Hart wa dramu akawa Jabali. Eddie Henderson wa tarumbeta akawa Mganga. Bennie Maupin, anayepuliza klarineti ya besi, saksafoni na filimbi, akawa Mwile. Julian Priester wa tromboni akawa Pepo Mtoto. Hata kijana aliyeshika mitambo yao ya sauti, Billy Bonner, aliitwa Fundi.

Ukiyapima majina haya kwa sikio la mtu aliyezaliwa ndani ya lugha, utaona yalikotoka. Anayetunga muziki kwetu ni mtunzi. Mwandishi ni wa kalamu na karatasi. Mchezaji ni wa mpira au wa ngoma akiwa uwanjani, na besi haichezwi, inapigwa. Mwile silijui kwa umbo hilo. Bila shaka ni mwili, na kusudio lilikuwa mwili wenye afya. Ni majina yaliyotafutwa kwenye kamusi na watu walioanzia Kiingereza. Lakini Mganga limekaa mahali pake kabisa, kwani Henderson alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Howard akawa daktari, na alitibu watu huku akipiga tarumbeta. Jabali nalo halina kasoro. Sisi wenyewe tulimpa Marijani Rajabu sifa ya Jabali la Muziki bila kujua kwamba kuna Jabali mwingine ng'ambo anayepiga dramu. Na Pepo Mtoto, kwa sisi wa pwani, lina uzito kuliko waliolichagua walivyodhani. Wewe wa Tanga unajua kwamba pepo hapandi bila ngoma yake mwenyewe.

Kwa hiyo si pambo. Mtu ambaye lugha ya babu zake ilikatwa zamani, akachagua neno moja la Kiafrika na kukubali kuitwa hivyo mbele ya umma mwaka 1970, hafanyi mapambo. Nakuomba uyabebe majina hayo unaporudi kwenye santuri, kwa sababu yatakusaidia kusikia. Utakuwa unawafuata watu sita, humfuati mpiga kinanda na wasaidizi wake.

Sasa kichwa kuuma. Naamini naijua sababu yake. Umetoka kwenye Head Hunters, na Head Hunters inakushika mkono katika sekunde za kwanza: besi inazunguka, unajua utakanyaga wapi. Ukaingia kwenye Mwandishi ukiwa umeshatanguliza mguu, na sakafu haikuwepo. Sisi tuliokulia kwenye dansi tuna tatizo la ziada. Masikio yetu yamefundishwa kwamba wimbo unaanza taratibu, mwimbaji anasema yake, halafu linakuja chemko, gitaa linapanda na watu wanasimama. Tunavumilia mwanzo kwa sababu tunajua chemko lipo. Katika santuri hizi hakuna aliyekuahidi chemko. Linaweza kuja dakika ya tatu, likaondoka, lisirudi. Msikilizaji anayelisubiri anachoka kama abiria aliyeambiwa basi linakuja sasa hivi.

Lakini mapigo yapo. Chukua wimbo wa kwanza wa Mwandishi, ule wa Ostinato, wa dakika kumi na tatu. Hancock aliutunga kwa ajili ya Angela Davis, mwanaharakati mweusi wa Marekani, na waliurekodi San Francisco mwishoni mwa 1970, wakati Angela yuko rumande akisubiri kesi ambayo ingeweza kumgharimu maisha yake. Aliachiwa huru mwaka 1972. Wimbo umesimama juu ya mzunguko mmoja wa besi na klarineti ya besi, na mzunguko huo una mapigo madogo 15. Jaribu hivi: gonga meza haraka na kwa usawa, hesabu hadi nane, halafu hesabu hadi saba, rudia. Mara ya kwanza utajikwaa kwenye ile saba, kwa sababu mwili unaitaka ya nane na haupewi. Ukivumilia mizunguko ishirini hivi, mwili unaacha kuidai. Hapo ndipo utagundua kwamba wimbo huu unachezeka, na una fanki, ule mdundo wa dansi wa Wamarekani weusi, kuliko nyimbo nyingi zinazojiita fanki. Kilichokuumiza ni lile pigo moja lililoondolewa, nalo liliondolewa makusudi. Mwendo unakosa kutulia, kama watu wanaoandamana barabarani bila kujua mbele kuna nini.

Kwenye wimbo huo huo kuna mpiga dramu wa pili, kijana wa miaka 18 aitwaye Leon Chancler, naye ana jina la Kiswahili: Ndugu. Nimekutana na vijana wengi wanaopenda Billie Jean ya Michael Jackson, wasijue kwamba dramu ile ilipigwa na mtu aliyeitwa Ndugu. Ndiye huyo.

Umoja unaousikia hapo ulipatikana kazini. Hancock alikuwa ametoka kwenye bendi ya mpiga tarumbeta Miles Davis, alikokaa kuanzia 1963 hadi 1968, akaunda kundi la watu sita, na watu wakawa wanaingia na kutoka. Kufikia Novemba 1970 waliokuwepo ndio hawa, na walikwenda Chicago, mji alikozaliwa Hancock, kupiga mwezi mzima kwenye klabu iitwayo London House. Ilikuwa mahali pa chakula cha jioni, watu wenye suti na visu vya nyama. Humo ndani bendi ikafunguka. Wenyewe wamesimulia kwamba siku moja waliacha kupanga nani apige nini na muziki ukaanza kwenda wenyewe. Wiki chache baadaye walikuwa studio. Ndiyo maana naiona Mwandishi kuwa kamili kuliko zote tatu. Ni watu sita waliotoka kuishi pamoja, na unasikia wanavyopishana kama watu wa nyumba moja gizani, hakuna anayegonga kiti.

Kama hujashawishika, acha Ostinato usikilize wimbo wa pili, You'll Know When You Get There. Huo hauna hesabu ya kukutisha. Sauti nzuri ya Henderson inapita taratibu, mwangwi wa mashine unaibeba, filimbi ya Maupin inaingia chini yake, na kinanda cha umeme cha Hancock kinang'aa kama maji. Sijawahi kumpigia mtu wimbo huo akauchukia. Upande wa pili wote ni Wandering Spirit Song, utunzi wa Priester, dakika 21, nao ni mzito. Unaanza na sauti ndefu za kuombolezea, halafu katikati unavunjika vipande, kila chombo kinalia lake. Kwa miaka mingi nilikuwa nauinua mkono wa mashine kabla ya sehemu hiyo. Siku hizi siuinui. Pepo Mtoto aliandika jambo lenye umbo: nyumba inajengwa, inabomoka, inajengwa tena kwa matofali yale yale. Kama utauacha kwa mwaka mmoja, sitakulaumu.

Crossings ya 1972 ndiyo inayogawanya watu. Hapa akaingia Patrick Gleeson, na ni vizuri ujue alivyoingia, kwa sababu hukumu yangu juu ya santuri hii inatokana na hapo. Gleeson hakuwa mwanajazi. Alikuwa mwalimu wa fasihi ya Kiingereza katika chuo kimoja San Francisco, akaacha kazi, akaanzisha studio iitwayo Different Fur na kujifunza sinthesaiza, yaani mashine ya kutengeneza sauti kwa umeme, aina ya Moog, ambayo wakati ule ilikuwa kabati la waya na vifundo. Mtayarishaji wa Hancock, David Rubinson, alimwelekeza Hancock kwake. Hancock si mgeni wa umeme, maana chuoni alianza na uhandisi wa umeme kabla ya kuhamia muziki. Alitaka Gleeson amtegeshee mashine ili aipige mwenyewe. Gleeson akaanza kumwonyesha sauti juu ya kanda zilizokwisha kurekodiwa, na Hancock, badala ya kumtoa kitini, akamwachia aendelee. Akawa mtu wa saba wa bendi.

Maana yake ni kwamba sinthesaiza ya Crossings imewekwa juu ya muziki uliokuwa umeshapigwa. Gleeson hakuwepo chumbani watu walipokuwa wanasikilizana. Kwenye Sleeping Giant, unaojaza upande wote wa kwanza, hilo halisumbui hata kidogo, kwa sababu wimbo ni mpana na una nafasi ya kila mtu. Unaanza na ngoma na vyombo vya kugonga peke yake, bendi nzima wameshika vya kugonga. Halafu Hancock anaingia na kinanda cha umeme, Mchezaji na Jabali wanamsukuma, na kwa dakika kadhaa unasikia upigaji wa kinanda ulio bora kuliko alivyowahi kurekodi, na nasema hivyo nikiijua kazi yake na Miles. Kisha vyombo vya kupuliza vinashusha sauti nzito za pamoja, kila kitu kinatulia, halafu kutoka chini inachipuka fanki nene, yenye tope. Jitu linageuka usingizini. Dakika 24 na ushei, na sioni ya kuitoa.

Upande wa pili, Quasar na Water Torture, zote za Maupin, ndipo ninapoachana na mashabiki wapya. Wao wanaziona kuwa kilele. Mimi naona tungo mbili nzuri zilizomwagiwa mchuzi mwingi. Kwenye Quasar sauti za mashine zinavuma na kutoboa mahali ambapo filimbi ya Maupin ilikuwa inajitosheleza. Huenda kichwa chako kiliuma zaidi hapo. Kama ni hivyo, sikio lako halikukosea.

Sextant, iliyotoka mwanzoni mwa 1973 chini ya kampuni ya Columbia baada ya Hancock kuachana na kampuni ya Warner iliyotoa zile mbili, inaponya kasoro hiyo na kuleta nyingine. Safari hii Gleeson yumo tangu mwanzo. Rain Dance imejengwa juu ya matone ya sinthesaiza yanayodondoka kwa mpangilio usiotabirika, na bendi inacheza na matone hayo kama watoto wanavyocheza na mvua ya kwanza. Kuna mahali Mchezaji anabaki karibu peke yake na besi ya mti katikati ya mitambo, na utofauti huo, mti na umeme, nausikia kila mara kama mara ya kwanza. Hidden Shadows ina mzunguko wa mapigo 19 lakini inatembea kwa utulivu kiasi kwamba unaweza kuisikiliza mwaka mzima usijue. Hornets, dakika kumi na tisa na nusu, ni nyigu kweli: fanki isiyosimama, Maupin anapuliza hata kichezeo cha watoto cha kuvumisha sauti, na kinanda cha Hancock kinakwaruza.

Mashabiki wa leo wengi wanaiweka Sextant juu ya zote. Nawaelewa. Kizazi kilichokulia kwenye muziki wa kompyuta, kikizoea sauti zisizo na chombo unachoweza kukitaja, kinaingia Rain Dance kama kinaingia nyumbani. Kile ambacho mwaka 1973 kilisikika kama redio iliyoharibika, leo kinasikika kama mwanzo wa mambo mengi. Mwaka 1994 albamu za Warner zilikusanywa na kutolewa upya pamoja, na mwaka 2012 mwanamuziki Bob Gluck aliandika kitabu kizima juu ya bendi hii. Watu waliozikosa walipata nafasi ya pili ya kusikiliza bila kelele za wakati ule. Kuhukumiwa upya kwa santuri hizi ni haki iliyocheleweshwa, na nimefurahi kuwa hai kuiona.

Lakini kwenye Sextant wapulizaji wamesogezwa pembeni. Mganga na Pepo Mtoto, ambao kwenye Mwandishi walikuwa wasemaji, hapa mara nyingi ni rangi. Ukizipiga mbili hizo mfululizo utasikia bendi ya watu sita ikigeuka kuwa maabara yenye wageni wazuri. Kwa hiyo upande wa kwanza wa Crossings ndio saa yao bora, Mwandishi ndiyo albamu yao iliyo timilifu, na Sextant ndiyo iliyoona mbali zaidi. Shabiki akiniambia kuona mbali ndiko kuwa bora, tutakunywa kahawa na kubishana hadi usiku.

Ninachokikataa kabisa ni hilo la biashara.

Bendi hii ilikufa mwaka 1973 kwa sababu ya pesa. Watu saba, mitambo ya Gleeson, Fundi na vipaza sauti vyake, vyote kwenye ndege na magari, wakienda kupiga kwenye vilabu vya jazi ambavyo wenyewe havikujua wamealika nini. Hancock alikuwa anaziba pengo kwa mirabaha ya nyimbo zake za zamani, hasa Watermelon Man ya 1962. Fikiria: wimbo mmoja mwepesi wa ujana ukilisha bendi ngumu kwa miaka mitatu. Alipofika mwisho wa uwezo aliwaaga, na pia amesema wazi kwamba alichoka kukaa juu hewani, alitaka kukanyaga ardhi. Alikuwa anampenda Sly Stone, mwanamuziki wa fanki. Hakuna cha kuona haya hapo.

Na sikiliza alichobeba alipoondoka. Ile besi ya Chameleon, wimbo wa kwanza wa Head Hunters, inayokushika mkono, unayoipenda tangu utotoni, si gitaa la besi hata kidogo. Ni sinthesaiza, na Hancock anaipiga kwa mkono wake. Yule aliyekwenda kwa Gleeson kuomba ategeshewe mashine, baada ya muda usiofika miaka miwili alikuwa anaifanya icheze kuliko watu. Bila Gleeson hakuna Chameleon unayoijua. Maupin, yaani Mwile, hakuondoka. Yumo Head Hunters na ni mmoja wa watunzi wanne wa Chameleon. Ukitoka Hornets ukaingia Chameleon bila kupumzika, utasikia ni barabara ile ile, imesawazishwa tu mashimo. Na Watermelon Man mpya, iliyofunguliwa na Bill Summers akipuliza chupa kwa kuiga muziki wa filimbi na sauti wa watu wa msituni Afrika ya Kati, ina udadisi ule ule juu ya Afrika ambao Mtume aliuleta na majina yake. Head Hunters iliuza nakala zaidi ya milioni. Kuuza si dhambi. Anayeitukana ili kuinua Sextant anamkata mtu mmoja vipande viwili.

Mimi mwenyewe nilikuwa hivyo. Nilipozisikia hizi tatu mara ya kwanza nilizikataa kwa kuwa niliipenda Head Hunters, kama wewe. Baadaye nikazipenda kwa nguvu za mtu aliyeokoka, nikaacha kupiga Head Hunters nyumbani kwa miaka kadhaa. Mwanangu ndiye aliyeirudisha. Aliipiga akiwa anafua, nikasimama mlangoni nikasikia, kwa mara ya kwanza, sauti ya Gleeson ndani yake.

Kuhusu namna ya kusikiliza, usizipige tatu kwa siku moja. Hilo lingemuumiza kichwa hata Jabali. Anza na You'll Know When You Get There, usiku, taa ndogo. Siku nyingine piga Ostinato na hesabu nane na saba mezani. Ukishaizoea, piga Sleeping Giant na mfuate mtu mmoja tu mwanzo hadi mwisho. Nakushauri umfuate Mchezaji, kwa sababu besi yake ndiyo kamba inayoshikilia wengine wote. Piga tena kesho yake ukimfuata Jabali. Nilipoanza kusikiliza hivyo ndipo kelele zilipogeuka kuwa mazungumzo. Hornets iweke ya mwisho, na Chameleon mara tu baada yake. Wandering Spirit Song itakuja kwako yenyewe, haina haraka.

Ukizizoea, tafuta na kazi walizofanya mmoja mmoja walipotawanyika. Realization ya Henderson, ya 1973, ina karibu bendi nzima, Hancock na Gleeson wakiwemo, na mara nyingine naona ndiyo albamu ya nne ya bendi hii isiyo na jina lake. Love, Love ya Priester ya 1974 imetoka kwa jina la Pepo Mtoto waziwazi, na Ndugu yumo. The Jewel in the Lotus ya Maupin, ya mwaka huo huo, ni tulivu sana, na wasioweza kumeza Quasar wataona humo ni nini mtunzi wake alikuwa anakitafuta. Ningeisikiliza hiyo mapema.

Mwisho, juu ya sanduku lenyewe. Hewa ya Tanga ina chumvi na unyevu, na santuri zinaota ukungu mweupe hata zikiwa kwenye jalada. Zifute kwa kitambaa laini kilicholoweshwa kidogo kwa maji yasiyo na chumvi, ukizunguka kufuata mifereji, usikate kuvuka. Zisimamishe wima, usizilaze moja juu ya nyingine, na ziweke mbali na dirisha. Majalada ya Crossings na Sextant, yenye michoro ya Robert Springett, usiyaache juani kabisa. Rangi zile zikipauka hazirudi. Kabla hujafuta chochote, geuza kila jalada uangalie kama kuna kibandiko cha bei au muhuri wa duka. Mabaharia walinunua popote meli ilipotia nanga, na kibandiko kidogo kama hicho kinaweza kukuambia mjomba wako alikuwa bandari gani siku aliyoliona neno Mwandishi kwenye kioo cha duka la watu, akaingia.